Magoti Chini ya Sketi Ndefu

Saa mbili kasoro asubuhi, na fundi wa meno ya bandia hajatulia kitini hata dakika tano. Anachukua taya la plasta mezani, analivika meno ya muda aliyoyatengeneza mwaka jana, anayavua, ananawa mikono ambayo haijachafuka, kisha anajaribu tena. Hayaingii.

Taya hilo ni mfano wa taya la bintiye wa miaka kumi na saba, ambaye meno yake kumi na moja hayakuota kabisa. Hali hiyo aliirithi kwa mama yake, ndiye fundi mwenyewe, naye fundi aliirithi kwa baba yake. Ijumaa hii binti anatakiwa kuwekewa vipandikizi, yaani skrubu ndogo za kuzamishwa kwenye mfupa ili zishike meno ya kudumu.

"Kipandikizi hakikui," anasema fundi, macho kwenye plasta. "Taya likiendelea kukua, lile jino linabaki nyuma, linaonekana limezama. Ndiyo maana daktari anampima urefu kila miezi sita. Mara mbili hajaongezeka, tukapewa tarehe."

Plasta mpya ilimtia shaka: kama meno ya mwaka jana hayaingii, basi taya bado linakua. Jana jioni alimbana binti jikoni mpaka akasema kweli: siku za kupimwa alikunja magoti chini ya sketi ndefu, aonekane hajarefuka. Na meno ya muda yalishaanza kumbana, akanyamaza.

"Mama, naanza chuo mwezi ujao," binti alimwambia. "Nimechoka kucheka nimeziba mdomo."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Ana miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na seti moja humchukua siku nne, lakini yeye mwenyewe alicheka waziwazi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na sita.

"Nusura ninyamaze," anakiri. "Nani angejua? Hii plasta ningeivunja tu."

Anashika simu, anaiweka, anaishika tena. Safari hii anampigia daktari, anaeleza yote, na magoti pia. Ijumaa inafutwa.

Binti hajamsemesha tangu jana. Fundi analainisha nta na kuanza seti nyingine ya muda, anayotaka iwe tayari kabla chuo hakijafunguliwa.

"Baada ya miezi sita tunapima tena," anasema. "Nami nitapiga magoti pale chini, nimshike yake yasikunjike mpaka daktari amalize kusoma namba."