Mayai ya Mgeni

Nikikumbuka Buhehe ya enzi za Mwingereza, kinachonipanda kwanza ni hasira, na hasira hiyo mpaka leo ina harufu ya yai la kuchemsha.

Nilikuwa mkalimani wa masomo ya lishe. Kazi hiyo niliipata kwa kuwa nilikulia Tororo mjini, baba yangu akiwa utingo wa malori, na Kiswahili kilikuwa chepesi mdomoni mwangu kuliko kwa wanawake wa Buhehe, kijiji cha Uganda nilikoolewa. Memsaab, yule mama wa Kizungu aliyefundisha, alitokea upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumwamuru mpishi. "Yai iko mzuri sana kwa mtoto," angesema, nami ningegeuza kwa Kisamia. Tukienda Nagongera au Mulanda siku ya soko, ningegeuza kwa Kidhopadhola.

Chemsheni maji ya kunywa. Funikeni nyama inzi wasitue. Uji uliolala usimpe mtoto kabla hujauchemsha tena. Hayo yaliwaingia. Yai ndilo lililotushinda. Akina mama waliitikia ndiyo, ndiyo, wakapiga makofi, wakaenda zao, na mimi nilijua kabisa kwamba hakuna atakayempa mtoto yai. Katika nyumba zetu kuku na mayai yalikuwa ya mume na ya mgeni. Mwanamke hakuyala, na mtoto akila yai, walisema, atachelewa kusema.

Nilimwambia Memsaab awaite wanaume, awaite na akina bibi, maana wao ndio wenye kuku. "Hapana, mimi nafundisha mama tu," akasema. Nikamwambia wanawake Waislamu wa mjini hawataonja chakula cha somo kilichopikwa kwa chungu kilichoazimwa kwenye nyumba zinazopika nguruwe, wanunuliwe sufuria yao. Akasema wanaringa. Kuna siku nilitamani kukipasua hicho chungu.

Na hasira yenyewe hasa ilikuwa nyumbani. Nilimwachisha mwanangu wa kwanza ziwa nilipopata mimba ya pili, na tangu hapo akawa wa uji wa muhogo asubuhi na ugali wa muhogo jioni. Miguu ikamvimba, nywele zikawa na rangi ya kutu, mashavu yakajaa. Hakucheza tena. Memsaab alikuwa na picha ya mtoto mgonjwa aliyoibandika ubaoni kila tulikokwenda, na picha ile ilikuwa mwanangu mtupu.

"Amenona," mama mkwe alisema. "Wewe unataka nini tena?"

Kikapu cha mayai kilining'inia kwenye msumari nyumbani kwake. Siku moja niliiba yai nikamlisha mtoto jikoni. Mama mkwe aliona maganda kwenye majivu, na kuanzia siku hiyo mtoto akawa analala na kula kwake. Mume wangu, aliyefanya kazi ya reli Tororo, alipokuja nikamlilia. "Msikilize mama," akasema, akala mayai yake ya kukaanga, akarudi kazini.

Basi Memsaab akatangaza kwamba atatembelea nyumba ya mkalimani wake. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Alifagia uwanja mwenyewe, akashusha kikapu, akachemsha mayai yote, akampangia mzungu kwenye sahani ya enameli. Mwanangu alikaa chini karibu na mlango, macho yakiwa kwenye sahani ile. Mimi nilisimama katikati, tayari kugeuza.

Memsaab alimenya yai, akatia chumvi. "Yai mzuri sana," alisema. "Mwambie mama asante."

Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye bei za sokoni, akaniuliza, "Mgeni anasema nini?"

Sikufikiri. "Anasema kwao mgeni hali mpaka mtoto wa nyumba ale kwanza. Ukikataa, umemfukuza."

Aliniangalia sana. Alinijua. Lakini mgeni ni mgeni, na jirani zetu walikuwa wamejaa uani wanatazama. Akachukua yai moja, akalimenya taratibu kama anayejichuna ngozi, akampa mtoto. Mtoto alilishika kwa mikono miwili. Alikula mpaka vidole akavilamba.

Memsaab akapiga makofi. "Unaona? Mama hii nasikia somo! Nyumba hii nitaonyesha wengine." Niligeuza maneno hayo pia, na mama mkwe akainama kwa heshima. Memsaab akala yai lake, akaongeza la pili, akaondoka na motokaa yake akiwa ameridhika kabisa, na mimi nikabaki nimeuma meno.

Mayai yaliyobaki yalirudi kikapuni, kikapu kikarudi kwenye msumari. Jioni, na tumbo langu la mimba, nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaomba moja tu, la mtoto.

"Kwani kuna mgeni?" akaniuliza.

Nilikuwa bado nimepiga magoti niliposikia sauti mlangoni. Mwanangu, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ametoa neno, alikuwa amesimama kwa miguu yake iliyovimba, akiangalia njia ilikopita motokaa.

"Mama," akasema, "mgeni atakuja tena?"

Mama mkwe alisikia. Alikitazama kikapu, kisha akatoka kwenda kufungia kuku.