Asubuhi Mashine Ilipokosa Kumwona Kaka Yangu

Kazi yangu ni kuingiza karatasi kwenye mashine. Naweka karatasi juu ya kioo, nafunga kifuniko, taa inapita, kisha naandika jina la mwenye karatasi kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la sita, na sijawahi kuandika haraka. Kampuni yetu inatengeneza malori ya mgodi, huku Panda, mtaa wa Likasi. Chumba changu hakina dirisha, kwa sababu vumbi la nje linaua mashine, na mlango unafunguka kwa kadi moja tu, ya shefu, bosi wetu. Asubuhi ananifungulia niingie, mchana ananifungulia nikale, jioni ananifungulia nirudi nyumbani. Nikitaka kwenda chooni lazima nigonge. Mara nyingi naona haya kugonga, basi navumilia.

Karatasi zote zinaenda ndani ya kile tunachokiita sistemu. Ni programu moja inayotumiwa na biro zote, yaani ofisi zote. Kuna mahali pa kuandikiana ujumbe, kuna mafaili, na juu kabisa kuna kisanduku cha kutafutia. Unaandika jina la mtu, karatasi zake zinatoka. Mlinzi wa geti amepewa kisanduku hicho tu, pamoja na ujumbe. Mafaili yenyewe hayaoni. Ilipangwa hivyo kwa sababu zamani watu waliingia na vyeti vya daktari vilivyonunuliwa sokoni. Siku hizi karatasi ya mkononi haisaidii. Jina likitoka, unaingia. Lisipotoka, unabaki nje.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa siku ya kaka yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita yaya, kama watu wengi wa Likasi wanavyomwita mkubwa wao. Tangu baba afariki, yaya alikuwa akishuka kwa kamba kwenye mashimo kuchimba madini. Mara moja udongo ulimfunika hadi shingoni, wenzake wakamtoa kwa mikono. Wiki iliyofuata alishuka tena, maana tulikuwa tunakula kwa mikono yake. Sasa kampuni ilikuwa imekubali kumchukua awe msaidizi wa wachomeleaji. Wapya walitakiwa wapite geti kabla ya saa sita. Asiyepita, nafasi yake ilipewa mwingine kati ya waliokuwa wamesimama kando ya ukuta, na hao walikuwa wengi. Mama alimwambia asubuhi hiyo, "Ukirudi leo na ile kamba mukononi, usiniambie kitu. Ingia tu, ulale."

Simu ya chumba changu ililia mapema. Alikuwa mlinzi wa geti.

"Weye mutoto wa makaratasi! Kuko kijana hapa, anasema ni yaya yako. Mashini haimujue."

"Niliingiza dosie yake, papa," nikasema, maana kwetu kila mwanamume mzima huitwa papa, yaani baba. "Minye mwenyewe."

"Uliingiza wapi? Mu mufuko yako?" Nikasikia watu wa getini wakicheka. "Jina haitoke. Inasema hakuna kintu."

Nilifungua faili la wapya. Cheti cha yaya kilikuwa hapo, na picha yake akiwa amevaa shati la kuazima. Nilikiona kwa macho yangu. Nikaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikaandika tena polepole, nikihesabu herufi. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kumwona mtu amekaa mbele yako huku watu wote wanasema kiti ni kitupu.

Nilipaswa kugonga mlango na kumwita shefu. Nilikaa. Nilijua watasema nimetengeneza karatasi kwa ajili ya ndugu yangu. Nilijua pia sauti yangu huishia kooni wakiwapo watu wawili. Niliitazama saa ya ukutani, kisha mlango, kisha saa. Mwishowe simu ililia tena, mlinzi akasema, "Na bengine pia habatoke. Wapya bote." Hapo nikapata nguvu ya kugonga.

Shefu alikuja pamoja na mama wa ofisi ya wafanyakazi, mwanamke mnene mwenye miwani, anayetuita sote watoto wake. Walimpigia fundi wa sistemu, aliyeko Lubumbashi, na kuiweka simu mezani ili wote tusikie.

"Tafuteni muntu wa zamani," fundi akasema.

Nikaandika jina la dereva wa siku nyingi. Karatasi zake zikatoka zote.

"Sasa muntu wa mwezi jana."

Wa mwanzo wa mwezi alitoka. Wa mwisho wa mwezi hakutoka.

"Bon. Basi makaratasi haikupotea. Musikie: ukitafuta jina, mashini haiende kusoma makaratasi yote. Ingechoka. Iko na fasi moja yenye iliandika, hii jina iko ku ile karatasi. Inaangalia pale tu. Kila karatasi mupya ikiingia, inaisoma, inaandika pale. Sasa iliacha kuandika. Ngoja nione ju ya nini."

Tulingoja. Aliiwasha upya programu kutoka kwake, nikatafuta jina la yaya, hakuna kitu. Akatazama kama nafasi ya kuhifadhia imejaa. Haikujaa. Shefu alikuwa akigonga meza kwa ufunguo wa gari. Kisha tukasikia tu vitufe vikibonyezwa kwake.

"Allô?" shefu akasema.

"Niko. Inaandika: imekataliwa kuingia. Ile programu inasoma makaratasi na jina ya muntu, na ile jina imefungwa." Akalitaja.

Lilikuwa jina la marehemu. Mzee huyo ndiye aliyeiweka sistemu yote, ndiye aliyenifundisha kuweka karatasi bila kupinda. Alikuwa amefariki mwishoni mwa mwezi uliopita, baada ya homa fupi. Kumbe tangu mwanzo mashine ilikuwa ikisoma karatasi zetu kwa jina lake.

"Ni nani alifunga?" fundi akauliza.

Mama wa ofisi akavua miwani. "Ni minye. Tulitoka kumuzika, nikarudi hapa, nikafungua sistemu. Jina yake ilikuwa inawaka kijani, sawa vile iko ku kazi. Roho ilinikatika. Nikasema hapana, muntu mwenye anakufa hawezi kuwaka kijani. Nikafunga ju ya heshima yake."

Hakuna aliyemlaumu. Nadhani yeyote kati yetu angefanya hivyohivyo.

"Heshima iko muzuri," fundi akasema, "lakini tufungue. Nikikuja Likasi nitaweka jina ingine. Leo tupite na yake. Kufunga inawezekana popote, lakini kufungua, hata minye kwangu siwezi: muntu aikale ku mashini yake pale."

Hapo shefu na mama wakatazamana, maana kuikala ni kuketi kwenye kiti chake. Chumba cha marehemu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Mama alikuwa ameifunika meza na kiti chake kwa kitenge, na chini ya kitenge mashine iliendelea kunguruma. Kwetu, mahali alipokuwa akikaa marehemu hapakaliwi hadi familia itoshe kilio, yaani ifunge matanga. Si sheria ya kampuni. Lakini hata mfagiaji alikuwa akifagia chumba kile kwa kukizunguka kiti.

"Minye hapana," shefu akasema. "Bibi yangu iko na mimba."

"Na minye ni mujane," mama akasema. "Nikiikala pale, batasema marehemu alikuwa bwana yangu."

Fundi akapiga kelele kutoka mezani, "Bandugu, saa inaenda! Bantu ku geti banaungua na jua!"

Mama akampigia mke wa marehemu. Alimweleza polepole, kwa maneno mengi ya pole, na mke wa marehemu akasikiliza bila kumkatiza. Kisha akajibu, nasi tukasikia. "Kiti ni ya kampuni, sikatale. Lakini jasho ni yake. Mwenye ataikala amulombe kwanza, na mudomo. Na akiikala, akuwe yeye tu mupaka tutoshe kilio. Musifanye leo huyu, kesho ule, sawa kiti ya bare ya pombe."

Simu ilipokatika walinitazama. Nilimfikiria yaya, shati la kuazima limemlowa mgongoni, na wale wa ukutani wakimwambia aondoke apishe wengine. Nikasema, "Nitaikala." Sauti ilitoka ndogo, shefu akaniuliza nimesema nini, ikabidi niseme tena.

Tukahamia chumba cha pili na simu yenye sauti ya fundi. Mama aliondoa kitenge, akakikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mimi nilisimama mbele ya kiti. Sijawahi kusema neno mbele ya watu, hata kanisani nasali kwa midomo tu. "Papa," nikasema, "ni minye, wa makaratasi. Nalomba fasi. Ni ju ya yaya yangu." Nikaketi. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mkubwa kuliko mimi.

Fundi alinitajia herufi moja moja, nami nikazitafuta moja moja.

"Huyu mutoto anaandika na kijiko?" fundi akauliza.

"Muache," mama akasema. "Polepole ndio mwendo yake."

Jina la marehemu lilifunguka. Kijani kikawaka kando yake, na mama akageukia ukuta. Fundi akasema kuna karatasi nyingi zinazongoja kusomwa, haziwezi kwisha kabla ya saa sita, nichague faili moja litangulie.

"La wapya," nikasema.

"Mm," akaguna shefu. "Ndugu ni ndugu." Lakini alitabasamu.

Mstari mwembamba ulitembea kwenye skrini. Ulipofika mwisho, fundi akaniambia nimwandikie mlinzi ajaribu tena. Nikaandika, nikatuma. Mara simu ya chumba hicho ikalia.

"Bikira Maria!" Mlinzi alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia. "Marehemu ananiandikia! Na picha yake! Anasema, jaribu tena!"

Shefu alicheka hadi akakohoa. "Ni mutoto wa makaratasi, papa. Jaribu."

"Nijaribu?"

"Muheshimu mukubwa. Jaribu!"

Tukasikia akibonyeza vitufe. Kisha, mbali kidogo na simu, "Weye! Kuja. Jina inatoka. Ingia, mbio, kabla marehemu abadilishe mawazo."

Hivyo ndivyo yaya alivyopita geti. Mimi sikumwona. Nilisikia tu kwenye simu chuma cha geti kikiburuzwa chini, na mtu mmoja wa ukutani akitukana.

Tangu siku hiyo nakaa kwenye kiti hicho, kwa sababu mashine hiyo ikiachwa bila mtu, jina la marehemu hujifunga tena. Karatasi zangu zimehamishiwa huku. Fundi hajafika Likasi. Kila akipigiwa anasema wiki ijayo. Familia haijatosha kilio, kwa sababu mtoto wa kwanza wa marehemu yuko Kolwezi na hajapewa ruhusa kazini ya kuja. Na mke wa marehemu alisema mtu mmoja tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kunipokea hata nikiugua. Nikifunga jina lake, mashine itaacha kusoma. Nikiliacha wazi, kila ninachoandika kinafika kwa watu na picha yake, akiwa amevaa tai. Wengine hujibu "Ndiyo, papa" kabla ya kukumbuka. Wafanyakazi wenzangu wananisalimia vizuri, ila mkono hawanipi tena.

Yaya anafanya kazi kwenye gereji ya nje, kwenye hewa. Amenenepa. Jumapili moja, tukitoka misani, aliniambia, "Acha ile kiti. Waambie unakatala."

"Nikitoka, nani ataikala?"

Tulitembea hadi nyumbani, naye akabeba Biblia ya mama yetu na yangu pia.

Kesho yake wapya walikuwa getini tena. Simu ililia, mlinzi akanipa majina, nikayatafuta moja moja kwa kidole changu. Yote yalitoka. Nikamwandikia kwamba waingie.

"Asante, papa," akajibu, na safari hii hakujisahihisha.