Albamu Iliyorekodiwa Kabatini

Kazi yangu katika redio ya chuo ilikuwa kuwaambia watu wasikilize albamu zipi mpya. Sikuchaguliwa kwa sababu ya masikio. Nilirudi kusoma nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, baada ya miaka sita ya kuuza mitumba soko la Kongowea, na mwalimu aliyesimamia redio aliamini kwamba mtu aliyeweza kumsifia mteja shati lililokosa vifungo viwili hatashindwa kuisifia albamu yoyote. Nilimsahihisha. Vifungo vilivyokosekana vilikuwa vitatu, na nilikuwa nimevihesabu mara mbili.

Chuo kiko upande wa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege. Studio ilikuwa chumba kimoja, zamani stoo ya mafagio, na mafagio mawili walikuwa wametuachia. Juu mabati, chini saruji. Matangazo yetu yalisikika vizuri mpaka relini. Ukivuka reli ilibidi uinue simu juu ya kichwa kama mtu anayeomba dua.

Kipindi changu kilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Sharti lilikuwa msanii awe huru, yaani hana kampuni, hana meneja, hana mtu wa kumtupia lawama. Na wallahi walikuwa wengi. Mwanafunzi wa uchomeleaji alituletea nyimbo kumi na moja za kuachwa, kila wimbo na mwanamke wake. Nikahesabu, nikarudia: wanawake walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa shangazi yake aliyehamia Voi. Vijana wawili wa Likoni wakaleta dakika arobaini za jenereta likinguruma, na mmoja wao akihema. Hiyo niliipa nyota tatu. Nikawaambia wasikilizaji kwamba inafaa sana kwa mtu mwenye mgeni asiyetaka kuondoka.

Hapa lazima nieleze mitambo kidogo. Waya wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa umekufa, na barua ya kuomba mwingine ilikuwa bado yatembea ofisini. Basi tuliweka spika juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaielekeza kwenye maikrofoni. Wimbo ulitoka kwenye spika, ukaingia kwenye maikrofoni, ukaenda zake hewani. Ubaya ni kwamba maikrofoni haichagui. Ndege ikipita juu ya mabati, nayo iliingia. Ndiyo tukawa na kanuni: ukisikia ndege, funga maikrofoni, ngoja ipite, fungua, sema, "Samahani, tulikuwa tunapisha ndege." Wimbo wenyewe hatukuusimamisha, maana kompyuta ile ukiigusa wimbo ukiwa katikati huganda mpaka Jumatatu. Wasikilizaji walishazoea. Wengine walitumia kile kimya kwenda kugeuza samaki kikaangoni.

Fundi wetu wa mitambo alikuwa dada mmoja wa bara, mwanafunzi wa umeme, anayeongea kama anayelipia kila neno.

Jumatano moja akaja mama anayekaanga mihogo nje ya lango la chuo. Sote tulimjua. Alikuwa amefunga kadi ya simu ya kuhifadhia nyimbo kwenye pembe ya leso, mafundo mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea albamu."

"Ya nani?"

"Wauliza ya nani na mimi ndiye niliyeibeba? Yangu. Nyimbo nane. Nimerekodi kabatini, na simu, katikati ya mablanketi. Fundi wa simu alinambia nguo zanyonya mwangwi."

"Una kampuni?"

"Nina karai."

Nikamwandika: msanii huru. Akanitazama nikiandika, kisha akaingia kwenye biashara.

"Mwatoa nyota ngapi?"

"Mwisho tano."

"Basi hizo tano."

"Mama, bado sijasikiliza."

"Ndiyo maana nasema mapema. Ukishasikiliza utaanza kunisumbua."

"Mbili," nikasema. Mtu wa Kongowea hatajiwi bei ya juu akaikubali papo hapo.

"Mbili wape wale wa jenereta."

"Wale niliwapa tatu."

Akashika kiuno. "Tatu! Jenereta! Hata mafuta yalinunuliwa na mama wa mmoja wao, namjua! Haya, nne, na nakuongeza wimbo wa tisa."

"Wa tisa uko wapi?"

"Nitautunga kesho."

Tukaachana kwenye tatu za uhakika na ya nne ikitegemea masikio. Nimeuza suruali kwa mabaharia, nimeuza koti la baridi mwezi wa Februari, lakini siku ile nilijua nimekutana na mwenzangu.

Kisha akaiondoa spika kwenye ndoo, akakaa yeye, akanieleza kwa nini anazitaka nyota hizo. Kwenye kwaya ya kanisa lao pale Changamwe alikuwa ameimba miaka kumi na tisa, yote safu ya tatu, nyuma ya mwanamke mwenye kilemba kirefu. Kila mwaka aliomba aongoze wimbo mmoja. Kila mwaka kiongozi wa kwaya, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, alimwambia kwamba sauti yake ni nzuri ila yataka mtu wa kuishika mkono. Mwezi uliopita akasusa, akaingia kabatini, akatoka na albamu. Mzee akamwambia mbele ya kwaya nzima: redio ikikusifu, rudi uongoze, isipokusifu, rudi ubebe vitabu vya nyimbo. Naye kwa hasira akakubali. Jumamosi, baada ya mazoezi, watu wote wa kwaya wangekaa barazani pa kanisa kusikiliza kipindi changu kwenye simu ya mzee.

"Kwa hiyo, mwanangu, hizo nyota zako kwangu si mapambo. Usiponipa, mimi ni wa kubeba vitabu mpaka nife."

Aliporudi kwenye mihogo yake niliisikiliza albamu nzima, pale pale studioni, kwa spika ile ile. Sauti yake ilikuwa kubwa, imenyooka, na ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni kama mlango mzuri. Ndege zilipita mara kwa mara, nikakereka, lakini hiyo ndiyo studio yetu. Alhamisi nikaisikiliza tena, maana mimi jambo la mara moja silihesabu. Ndege zikapita tena, na zikapita mahali pale pale: wimbo wa kwanza kwenye ubeti wa pili, wimbo wa tatu kwenye kiitikio, wimbo wa tano mara mbili. Jumla kumi na moja, siku zote mbili.

Nikajiambia: mashallah, ratiba ya uwanja siku hizi imenyooka.

Nacheka nikikumbuka. Nilikuwa na karatasi mkononi, hesabu mbili zinazolingana, na akili yangu yote ya sokoni, na bado niliupongeza uwanja wa ndege.

Jumamosi saa tisa nikafungua kipindi. Nikamtambulisha: msanii huru wa hapa hapa Changamwe, albamu mpya, nyimbo nane, nimezihesabu. Nikaweka wimbo wa kwanza. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Ubeti wa pili ndege ikaja, mabati yakatetemeka, nikafunga maikrofoni. Ilichukua muda kupita. Nilipofungua, mama alikuwa anamalizia amina.

"Samahani, tulikuwa tunapisha ndege."

Wimbo wa pili, ndege. Nikafunga. Wimbo wa tatu, ndege kwenye kiitikio, nikafunga. Nilianza kujisikia vibaya. Kwaya nzima imekaa barazani, na mimi nawapa mwanzo wa nyimbo kama mtu anayeonjesha achari. Ndege hii ya tatu ilikuwa bado yanguruma, maikrofoni imefungwa, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye.

"Mwanangu, mbona wanizima?"

"Mama, nivumilie, ni ndege."

"Ndege gani?"

"Hii inayopita. Huisikii?"

"Mimi niko nje hapa barazani. Huku juu hamna hata kunguru."

Nikatazama dari. Ndege ilikuwa inapita, naisikia kwa masikio yangu, na mabati yanalia. Nikamgeukia fundi. Yeye alikuwa ameegemea mlango, anatafuna muwa.

"Buda," akasema, ndivyo wa bara humwita mwenye ndevu, "hiyo ndege iko ndani ya ngoma."

"Haiwezi. Mabati yanatetemeka."

"Ni mabati yake."

Sikumwamini. Nikapanda kiti, nikaweka kiganja kwenye paa. Paa lilikuwa limetulia kama maiti, na moto kiasi cha kuniunguza vidole viwili. Nikashuka, nikainamia spika. Ndege ilikuwa mle. Mabati yalikuwa mle. Hapo nikakumbuka: mama anakaa mtaa wa Airport, kwenye chumba cha mabati chini kabisa ya njia ya ndege. Kabati lake lilinyonya mwangwi wote, likamwachia ndege. Na hakuna mtu aliyemwambia, maana kwa mtu wa pale ile si kelele. Ndivyo hewa ya pale ilivyo.

"Mama," nikasema kwenye simu, "rekodi yako ina ndege ndani."

"Ina nini?"

"Ndege. Kumi na moja."

"Mbona mimi sizisikii?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Nilitegemea kilio, au matusi, na yote mawili ningeyastahili. Lakini nyuma yake nilisikia kitu kingine. Watu walikuwa wanaimba. Kiitikio cha wimbo wa tatu, sauti nne, na wanaume wa besi wamechelewa kidogo.

"Hao ni kina nani?"

"Si kwaya?" akasema, kama ninayemuuliza maji ni nini. "Wimbo wa kwanza ulipokata, walicheka. Mwenye kilemba ndiye alicheka zaidi, nilimwona mabega yakitikisika. Wa pili ulipokata sikuweza, mwanangu. Nilisimama nikaumalizia mwenyewe kutoka pale ulipoukatia, maana ule ubeti ndio mzuri, siwezi kuuacha ukae hewani. Huu wa tatu nimeanza tu, wameshadakia. Sasa hawataki kunyamaza."

Fundi akaacha kutafuna. Nikafungua maikrofoni, nikawaeleza wasikilizaji ukweli wote: kwamba ndege ziko ndani ya albamu, na kwamba mimi ndiye niliyemkata msanii mara tatu bila sababu. Nikasema kuanzia sasa maikrofoni haifungwi, na ndege zake ziende hewani kama ala nyingine yoyote, maana nilikuwa nimeshapendekeza jenereta. Nikatamka nyota nne, wazi, mara mbili, ili mzee asije akadai hakusikia. Kisha nikaweka wimbo wa nne.

Ukaenda wote, na ndege yake. Katikati ya ubeti mabati yakalia kwa kishindo, kikombe changu cha chai kikatembea mezani, na nikaelewa kwamba hii sasa ni ya kweli, imekuja juu ya ile ya kabatini. Fundi akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyegusa kitu. Zilipita zote mbili, moja baada ya nyingine, na mama akaibuka nyuma yake akiwa bado yuko kwenye noti ile ile.

Simu ikaita tena. Mara hii ni sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha makreni.

"Ni wewe wa redio? Mimi ndiye kiongozi wa kwaya. Niweke hewani."

Nikaielekeza simu kwenye maikrofoni, pale pale pa spika.

"Nyota zako kaa nazo," akasema. "Hapa hakuna aliyezisikia. Ulipompa nne tulikuwa tunaimba, tumekuja kuambiwa na mpita njia. Ila mimi nilisema neno mbele ya watu, na huyu mama leo nimemsikia akisimama peke yake, bila simu, bila kabati. Kumbe sauti yake haitaki kushikwa mkono. Ilitaka watu waipishe. Ataongoza."

Kukawa na vigelegele. Kisha sauti ya mama, karibu sana na simu, ikavikata.

"Jumapili ngapi?"

"Moja," mzee akasema.

"Kumi."

"Mama, kumi ni mwaka mzima!"

"Kumi ni miezi miwili na siku kumi. Hesabu tena."

Nilihesabu mimi. Alikuwa sawa.

"Mbili," mzee akasema, "na nyimbo nachagua mimi."

"Nane, na nachagua mimi. Nina nyimbo zangu nane, kila Jumapili mmoja, au wataka nizirudishe kabatini?"

"Sikiliza, huyu mama hana haya! Tatu!"

"Mzee," nikaingilia, maana ugonjwa ni ugonjwa, "nne, gawaneni uchaguzi, wewe mbili yeye mbili."

"Wewe nani amekuuliza?" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Walibishana hewani, mchana kweupe, mpaka barua pepe ya redio ikaanza kupokea ushauri wa watu nisiowajua. Mmoja aliandika kutoka ng'ambo ya reli kwamba amechoka mkono lakini hawezi kushusha simu. Mzee alishuka kwa uchungu, kama anavyopaswa kushuka mtu mwenye heshima. Mama hakushuka ila alijifanya anashuka. Wakafika tano, nyimbo tatu za mama na mbili za mzee, na vitabu vya nyimbo vitabebwa na mwenye kilemba kirefu.

"Umesikia, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Nimesikia. Tano. Sasa naweka wimbo wa tano, halafu utuambie umejisikiaje..."

"Wa tano usiuweke, huo ndio nitakaofungulia Jumapili, sitaki wausikie bure. Na kata hii simu, tafadhali. Tuna mazoezi."