Jicho la mama liligeuka jekundu msibani, nikasema ni machozi

Wakuu, poleni na majukumu. Hii nimeikalia miezi mingi. Sitatia chumvi, maana mwenye kosa humu ni mimi mwenyewe.

Naishi Makandana, huku Rungwe, nafanya kazi kiwanda cha chai. Mama yangu ni mjane, yuko kijijini Masukulu na migomba yake na kisukari cha siku nyingi. Jicho la kushoto lilishakufa zamani. Akabaki na la kulia, nalo likaanza kuona ukungu.

Tukaenda Mbeya. Daktari akasema kuna maji yanavuja nyuma ya jicho, dawa yake ni sindano.

Ya ndani ya jicho lenyewe, wakuu. Siyo mkononi.

Niliogopa kuliko mgonjwa. Ila kile chumba ni kisafi jamani, hata hewa inachujwa na mashine, mlango haufunguliwi ovyo. Mama alitaka kusali kwa sauti, nesi akamwambia asali moyoni kwa sababu mate ya mdomo yana wadudu. Dakika chache tu akatoka anacheka.

"Ndaga Mungu, asante! Kumbe ni kama kuumwa na siafu."

Nesi akanivuta pembeni. "Kaka, jicho likiuma, likizidi wekundu, au akiona giza, usingoje kesho. Mlete siku hiyo hiyo."

Nikaitikia kwa kujiamini kabisa.

Siku ya tatu baada ya sindano, shemeji yake mama, mdogo wa marehemu baba, akafariki.

Sasa ninyi msio wa huku mnielewe. Rungwe msiba hauhudhuriwi kwa simu. Usipoonekana, ukoo mzima utakunyooshea kidole, na maneno yake hayaishi. Nilimwambia mama apumzike, akanitazama kama nimemtukana. Nikampeleka mwenyewe kwa bodaboda, kitambaa usoni.

Wanawake walikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, moshi wa jikoni unawapiga, wanalia. Kesho yake asubuhi mama akaniita.

"Gwe mwanangu, jicho linaniuma. Linapwita."

Nikalitazama. Jekundu, linachuruzika. Nikawatazama wanawake wenzake. Wote macho mekundu, wote wanachuruzika.

"Mama, ni kilio na moshi. Vumilia tuzike kwanza."

Hakubisha. Kwa mambo ya hospitali mama hajawahi kunibishia tangu nianze kazi, ananiona msomi.

Tukawasubiri watoto wa marehemu kutoka Dar, siku nyingine ikapita. Wakati wa kuaga, mama akainama juu ya jeneza, akauliza kwa sauti:

"Mbona mmemfunika uso?"

Watu wakazidi kulia, wakidhani uchungu umemzidi.

Marehemu hakuwa amefunikwa.

Sikusubiri kaburi, nikatafuta gari. Mbeya wakakuta usaha ndani ya jicho. Wakampiga sindano za kuua wadudu humo humo, wakampasua kulisafisha. Jicho halikurudi.

Siku ile ile tuliyofika nilimfokea daktari kwamba chumba chao ni kichafu. Hakukasirika. Alisema hata kwenye usafi wote ule hutokea, mara chache, na wadudu wanaweza kutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Moshi wa msibani nao hakuulaumu, alisema hakuna wa kujua.

Kisha akauliza, "Maumivu yalianza lini?"

Nikasema juzi.

Akaandika.

Kwa hiyo ndugu zangu, sindano hizi msizikimbie. Zinaokoa macho, nimewaona wenzake mama kliniki wanasoma Biblia. Ila mkishapewa yale maonyo, yashikeni kuliko aibu ya ukoo. Jicho lililochomwa sindano likiuma, msianze kutafuta sababu. Nendeni. Maiti inasubiri.

Mama hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Wiki iliyopita nilikuwa namlisha ndizi, akaniuliza polepole:

"Yule shemeji yangu, hamkumfunika, siyo?"

"Hatukumfunika, mama."

"Basi sikumuaga."

Akaendelea kutafuna.

Mwenye mgonjwa wa sindano za jicho aulize, nitajibu ninachojua. Na mwenye la kunisema aseme tu, sitajitetea.