Ua Wangu wa Turubai Mbele ya Wakwe

Nianze kwa kukiri kabisa kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusukumwa na mtu, wala shetani sitamsingizia, maana siku ile naamini hata yeye alikaa pembeni akaniangalia tu. Naitwa Shamte, nakata tiketi za mabasi stendi ya Ikwiriri, na kama umewahi kupita pale ukasikia wapiga debe wanamwita mtu "Kaka Usione Haya" na mwenyewe anaitika huku kainamisha kichwa, basi huyo ni mimi, na leo nawasimulieni jina lile lilitoka wapi, ila mkicheka mcheke kwa adabu.

Nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Sikudhani, kwao Mtunda, upande wa Kibiti, na posa yenyewe ilipokelewa vizuri. Baba yake, Mzee Mketo, hakuwa na neno. Kazi ilikuwa kwa shangazi mtu, Bi Mwanaisha, ambaye ndiye aliyemlea Sikudhani baada ya mama yake kufariki na mzee kuoa mke mwingine, na huyu mama (Mungu amzidishie umri) akikutazama tu unajikuta unajikagua vifungo vya shati. Bila yeye kuridhika hakuna ndoa. Basi akatuma neno kwa mshenga wangu: "Mwambieni huyo kijana mwanangu haendi kuanika nguo zake barabarani. Nataka kuona ua kwanza. Nyumba isiyo na ua si ya kumweka mwanamke, hicho ni kibanda cha kusubiria basi."

Iliniuma, tena iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nyumba yangu iko njiani, watu wanakatiza na magunia yao kwenda mashine ya kukoboa mpunga, jiko liko nje, bafu liko nje, na bafu lenyewe lilikuwa fupi kiasi kwamba ukioga unasalimiwa, na ukisalimiwa na mtu mzima huku una povu masikioni inabidi uitikie. Mimi mwanaume nilishazoea. Lakini mke je?

Nikaanza kutafuta cha kuzungushia, na hapo ndipo kila mtu akawa fundi. Mama yangu, ambaye naishi naye, alisema makuti, basi, hakuna mjadala. "Makuti yanapitisha upepo, ndani huonekani, nje unaona nani anakuja, na yakichakaa unasuka mengine." Mjomba akasema matete, bonde zima limejaa matete, nenda kata. Mwingine akasema fito za mikoko kutoka delta (bila kibali? nikafungwe kabla ya harusi?). Mabanzi mchwa wanayala usiku na mchana, bati linageuza ua kuwa tanuri, na tofali niliziota tu kisha nikaamka. Kwa akili ya kawaida ningemsikiliza mama. Lakini mimi nilishakaa Dar miaka kadhaa, na mtu aliyekaa Dar akirudi kwao kuna ugonjwa fulani unampata, makuti anayaona ya kishamba.

Nikamwambia rafiki yangu Mapua, konda wa basi la Dar, aniangalizie kitu cha kisasa. Siku chache baadaye akashusha kutoka kwenye buti furushi zito la turubai, yale magumu ya plastiki yanayotumika kwenye mabango makubwa ya barabarani. Bango limeshushwa, turubai halina kazi, Mapua kaliokota. Nje lilikuwa jeupe pee. Nikaligonga kwa kidole, nikasema hili mchwa atavunja meno, mvua haipiti, jicho halipiti, na wala halisukwi. Mama akauliza, "Na huko ndani lina nini?" Nikamjibu, "Mama, turubai lina nini tena? Ni turubai." (Mngeniona nilivyolijibu swali lile, kwa dharau kabisa, mkono kiunoni.)

Nikalikunjua asubuhi ya siku ambayo wakwe wanakuja. Ndiyo, siku ileile, kwa sababu nilijisifu kwamba turubai ni kazi ya saa moja, na wenye makuti ndio wa kuhangaika wiki nzima. Nikapigilia misumari kwenye nguzo upande mmoja hadi mwingine, weupe ukitazama njiani, nikarudi nyuma kidogo, nikaridhika, nikazunguka kuingia ndani ya ua nione kunavyopendeza.

Ndani kulikuwa na mwanaume mkubwa kuliko nyumba yangu. Amekaa pembeni ya kitanda kifua wazi, kashika tama, na nyuma yake mwanamke kalala kageukia ukutani. Juu yao maandishi mekundu, herufi moja urefu wa mtoto: KAKA, USIONE HAYA. TATIZO LA CHUMBANI LINATIBIKA. Pembeni picha ya mizizi, na chini namba za simu. Nililitazama lile jamaa na lenyewe likanitazama, na kibaya zaidi, sijui Mungu alikuwa na maana gani, tulifanana. Upara uleule wa mbele, masikio yaleyale ya kusimama.

Nikafikiri kuligeuza. Lakini nikiligeuza linatazama njiani, na njiani ndiko inakopita Ikwiriri nzima. Na kuling'oa siwezi, kwa sababu shangazi anakuja kuangalia ua, sasa aje aangalie misumari? Ndipo nikapata wazo (ole wangu na mawazo): chokaa! Nikakoroga ndoo ya chokaa nzito, nikampaka yule bwana kuanzia utosini hadi nyayoni, nikapaka na mkewe, nikapaka herufi zote, na jua la Ikwiriri likakausha upesi, ua ukawa mweupe ndani na nje. Mama alisimama mlangoni kwa jikoni akasema, "Chokaa na plastiki, mwanangu?" Mimi nikaendelea kunawa mikono.

Wakaja. Mzee Mketo, wazee wenzake, Bi Mwanaisha na kina mama wawili wa kumsindikiza. Sasa utaratibu wetu mnaujua, wanaume wanakaa barazani mbele, wanawake wanapita ndani, uani. Ningefuata utaratibu ule, pengine wangeona kina mama peke yao. Lakini sifa ilinipanda kichwani, nikasema, "Hapana wazee wangu, leo wote karibuni uani, mikeka nimetandika huko, kuna kivuli na mtuone tulivyojistiri." Nikawakalisha wote, tena nikawakalisha wakitazama turubai.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mno. Bi Mwanaisha aliukagua ua, akachungulia bafu, akaligusa turubai, akasema, "Alhamdulillahi, hapa mtu anafua hadi kanga ya ndani." Nusu ya moyo wangu ikaenda Mtunda kuoa. Pilau likaletwa, watu wakanawa, na wakati huohuo ukaanza ule upepo wa mchana unaotoka upande wa mtoni. Turubai likavimba, likarudi, likavimba, likarudi. Pah. Pah.

Kipande cha kwanza cha chokaa kilianguka kwenye sinia. Mzee mmoja akakitoa kwa ncha ya kidole, akakitazama, akakila (nadhani alidhani ni tui limeganda). Kipande cha pili kikatua juu ya baibui jeusi la Bi Mwanaisha, akakipangusa. Kikaja cha tatu. Nikajiweka vizuri nikaanza kuongea, nikaongea juu ya bei ya ufuta, juu ya mafuriko, juu ya mabasi yanayochelewa, nikaongea kama nimelipwa, na huku nyuma ya wageni, hapana, mbele yao, ukutani kwa turubai, kukatokea unyayo. Unyayo wa mtu, vidole vyote. Halafu mguu. Halafu goti.

"Kuna mtu pale," akasema mmoja wa kina mama.

"Michoro tu mama, ya kiwandani," nikasema.

Upepo ukapiga kwa nguvu na turubai likajikung'uta lote kwa mara moja, chokaa ikamwagika juu ya wazee, juu ya pilau, juu ya kofia ya Mzee Mketo, watu wakaanza kupiga chafya, na vumbi lilipotulia yule bwana alikuwa amekaa pale juu yetu, mzima mzima, kashika tama. Kisha yule mzee aliyekula chokaa, ambaye kumbe macho yake ya mbali yalikuwa mazima, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anafundisha darasa: "Kaka... usione... haya. Ta-tizo... la chu-mbani..."

"Basi!" akasema Bi Mwanaisha. Akaliangalia bango. Akaniangalia mimi. Akaliangalia bango tena. "Shamte baba. Huyu si wewe?"

"Siyo mimi shangazi! Wallahi siyo mimi!"

"Na masikio hayo?"

"Yamefanana tu!"

"Sasa kama si wewe, mbona ulimpaka chokaa?"

Na hapo mama yangu mzazi, aliyenibeba miezi tisa, akaona mwanawe anaonewa, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kunitetea. "Msimsingizie mwanangu! Mwanangu mzima! Tatizo alikuwa nalo zamani, tukampeleka Umwe kwa bibi yake akanywa dawa, likaisha kabisa!"

Jamani.

"Tatizo gani?" akauliza Bi Mwanaisha kwa upole wa kutisha.

"Mama," nikasema, "nakuomba."

"Kukojoa kitandani!" mama akasema kwa ushindi. "Lilikuwa la kukojoa kitandani tu! Na toka alipomaliza darasa la saba hajakojoa tena!"

Nilitamani upepo unichukue pamoja na turubai. Kina mama walijifunika nyuso na mitandio, mabega yanacheka. Njiani vijana wa mashine ya mpunga walishasikia kelele, wakawa wamepanda juu ya magunia kuchungulia, na mmoja kanyanyua simu anachukua video na sauti zote, na video ile ilifika Mtunda kabla wageni hawajanawa mikono. Sikudhani akanipigia palepale. Nikapokea haraka, kwa sababu nampenda yule binti na nilijua sasa namkosa kwa ajili ya plastiki. Akaniuliza swali moja tu, "Mpaka darasa la saba?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Wazee wakainuka, wakasema wanatoka kando kushauriana. Nikabaki peke yangu nafagia chokaa. Nikiwa nimeinama hivyo nikavutwa kanzu. Alikuwa mmoja wa wale wazee, ambaye sitamtaja, kwa kuwa kila sikukuu nakula kwake na nikiingia nambusu mkono. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza: "Mwanangu, zile namba za simu pale chini. Mbili za mwisho umezikunjia kwenye nguzo. Huwezi kunikunjulia kidogo?"

Nikang'oa msumari. Nikakunjua. Akasimama pale anakariri, midomo inacheza kama mtu anayevuta uradi, kisha akarudi kwa wenzake, na muda si mrefu nikaisikia sauti yake imepanda kuliko za wote: "Mimi kijana simuoni kasoro! Ua ndio wa kubadilishwa, kijana habadilishwi!" Bi Mwanaisha akabisha, akabishiwa, akabisha tena, mwisho akasema sawa, ila uwe wa makuti, na asuke Shamte mwenyewe, yeye atakuja kuhesabu mafundo.

Nikasuka, vidole vikachanika, nikaoa. Tangu siku ile nimeapa kwamba nyumba yangu haitazungushwa tena na kitu ambacho sijakitazama pande zote mbili, na mama akinishauri jambo nasema ndiyo mama kabla hajamaliza. Na Sikudhani sasa hivi hayupo, yuko kwao Mtunda, kaenda kwenye arobaini ya mtoto. Mungu mkubwa, baba yake, uzeeni kabisa, kampatia mdogo wa kiume, ukoo mzima unashangaa imekuwaje, na Bi Mwanaisha ananipigia simu kila siku kuniuliza kama mimi nina habari yoyote. Mimi nasuka makuti, shangazi. Sijui kitu.