Mama Aliyenipigia Magoti Kyambogo

Kanisa letu la Kitale liliponituma Kampala kuhubiri Injili, nilijiona mtume kamili. Wiki ya kwanza nilifunga na kuomba, kisha nikatoka peke yangu na Biblia kwapani, nikaenda mtaa wa Kyambogo kuhubiri nyumba kwa nyumba.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama wa makamo. Kabla sijatamka neno, akapiga magoti mbele yangu. Kifua kilinijaa. Hata sijahubiri, na mtu ameshatubu! Nikamwekea mkono kichwani, nikazikemea dhambi zake kwa sauti iliyofika barabarani. Binti zake wawili wakatoka kuona ni nani anayepiga kelele, nao wakapiga magoti. Nikazidi kupaza sauti, nikiwaza jinsi Kitale watakavyonishangilia.

Mumewe, askari polisi, akatoka ndani. Alinisubiri kwa adabu mpaka nilipovuta pumzi, ndipo akanigusa bega.

“Ndugu, huku wanawake wanasalimia mugeni hivyo. Bibi yangu aliokoka zamani, wewe ukiwa bado mutoto. Sasa achia kichwa yake, matoke jikoni inaungua.”