Busaa Iliyomwagwa Chini

Unga wa mandazi ukiumuka kwenye karai, katika joto hili la Garissa, harufu ya hamira hunirudisha kwenye klabu ya pombe ya busaa iliyokuwa nyuma ya kota za madereva tulikoishi. Mama alikuwa ameshafariki, na kila jioni mimi ndiye niliyekwenda kumwita baba aje kula. Wanywaji walizoea kunitania: "Askari wa baba amefika. Mzee, mikono juu."

Jioni ile hakuna aliyenitania. Kiti cha baba kilikuwa kitupu, lakini kopo lake lilikuwa limejaa. Dereva mwenzake alilichukua, akamwaga busaa kidogo sakafuni, polepole.

"Shika, ndugu yetu," akasema. "Hiyo barabara imekumaliza."

Kijijini kwa nyanya yangu nilikuwa nimeona pombe ikimwagwa hivyo. Humwagiwa waliokufa.

Mama pima, mwenye klabu, akaniona mlangoni. "Woi, huyu mtoto ameingia saa ngapi?"

Busaa ilitambaa juu ya saruji mpaka ikagusa vidole vya miguu yangu, ingali vuguvugu.

Nyumbani, wadogo zangu waliuliza baba yuko wapi. Niliwapakulia ugali, kisha nikawagawia na fungu lake.